Chungu cha Mchele wa Kanisa

Kila mara kabla ya kuinjika sufuria, Thanzami alichota konzi moja ya mchele na kuitia katika chungu kilichokaa juu ya rafu ya jikoni. Ndivyo zilivyofanya nyumba zote za kijiji chao, mlimani juu ya mto Tiau, mpakani na Burma, asubuhi na jioni: konzi ya Mungu kwanza, kisha chakula cha wenye nyumba. Jumamosi alasiri akina mama wa kanisa walipita na magunia kukusanya.

Lakini tangu baba yake afariki wakati wa mvua, Thanzami hakuwa na utulivu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwasomea habari za kijana aliyemwuliza Yesu afanye nini apate uzima wa milele, na tangu siku hiyo swali lile lilimganda kama kupe. Baba yuko huko mbinguni. Je, yeye mwenyewe asipofika? Basi akaanza kutia konzi mbili badala ya moja, na ya tatu mama yake akigeuka. Wali ukapungua sahanini, mama akalalamika kwamba mchele wa siku hizi hauvimbi.

Jumamosi moja debe la mchele wa nyumbani likabaki tupu kabisa. Mama akateremka sokoni tangu asubuhi kununua mchele. Chungu cha kanisa kilikuwa kimejaa hata kifuniko kikakaa upande.

Mchana Mama Sui akabisha hodi, na binti yake mdogo, Sui, kando yake. Wawili hao walivuka mto mwaka uliopita wakikimbia vita vya upande wa Burma, nao waliishi katika kibanda cha mianzi nyuma ya kanisa. Mama Sui alieleza kwamba homa ilimzuia kwenda kibaruani wiki nzima.

"Niazime kikombe kimoja cha mchele, mwanangu. Huyu tangu jana anakunywa maji tu."

Thanzami aliinamisha uso. "Mchele umeisha, Mama Sui. Mama kaufuata sokoni."

Sui alikitazama chungu kule juu, kisha akamtazama Thanzami. Mama yake akashukuru kwa adabu, akamshika mkono, wakaondoka.

Thanzami akafagia sakafu iliyokwisha fagiliwa. Akaosha vikombe visafi. Akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Alijiambia kwamba mchele ule ni wa Mungu, hana ruhusa ya kuugawa. Mbona basi moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi? Alikaa, akasimama. Mwishowe akakishusha chungu, akakikumbatia, akakimbia.

"Nilikudanganya, Mama Sui," alisema mlangoni, akihema. "Mchele ulikuwepo. Nisamehe."

"Nilikiona chungu," Sui alisema.

Mama Sui alimwambia binti yake anyamaze, akamkaribisha mgeni ndani. Alimimina mchele kwenye ungo. Kabla hajaupeleka majini, alichota konzi moja akaitia katika kopo lenye kutu kando ya moto. Thanzami akauliza hiyo ni ya nini.

"Ya kanisa," alijibu. "Hata kwetu tulikuwa tunaweka."

Thanzami alirudi na chungu kitupu, akilia njia nzima.

Nyumbani alimkuta mama amesharudi na mzigo wake, na mlangoni amesimama Bibi Chhingi, mkuu wa akina mama, na gunia lake. Wote wawili walikuwa wakiitazama rafu tupu. Thanzami akaeleza yote, hata zile konzi mbili mbili.

"Kumbe," mama alisema. "Nami nimemsuta bure muuza mchele."

"Nilitaka kufika kwa baba," Thanzami alisema.

Mama alikaa chini, akamvuta karibu. "Baba yako alipata kumfukuza mtu mwenye njaa mlangoni hapa?"

"Hapana."

"Basi njia aliyopita unaijua. Mungu hali mchele, mwanangu. Tunautenga ili tujifunze kumkumbuka mwenzetu kabla hatujala sisi. Ukimnyima jirani kwa sababu ya Mungu, aliyenyimwa ni Mungu mwenyewe. Wala uzima wa milele hatuununui kwa konzi. Yeye hutujalia bure, nasi tunaanza kuuishi papa hapa, na watu hawa hawa."

Bibi Chhingi akakunja gunia lake. "Nyumba hii nimekwisha kusanya," alisema, akaenda zake kwa jirani.

Mama akafungua mchele mpya. Thanzami akachota konzi moja, moja tu, akaitia chunguni. Kisha akaomba wainjike sufuria kubwa, akatoka kwenda kuwaita Sui na mama yake.