Samaki Watatu wa Ziwa Kaptulwa

Maiti ya Mzee Joab Opondo ilionekana Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, ikielea kifudifudi katika Ziwa Kaptulwa, pale ambapo msitu wa milima ya Kipkelion unashuka mpaka kwenye maji. Aliyeiona ni Kipkurui, mlinzi wa hifadhi, aliyekuwa akipita kuhakikisha wapiga kambi wamezima moto. Mpiga kambi mwenyewe alikuwa mmoja tu. Hema lake la kijani lilikuwa limesimama sawasawa, taa ndani yake bado inawaka na jua limeshatoka. Ukingoni palikuwa na kiti cha kukunja, fimbo ya kuvulia, na ndoo ya bluu yenye samaki watatu.

Sajenti Beverly Adoyo wa upelelezi alifika saa nne. Aliitazama maiti vile mtu anavyotazama masufuria yaliyolala bila kuoshwa, kitu cha kushughulikiwa basi. Tangu amzike mumewe mwezi wa Februari, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Chakula alikila kwa sababu saa imefika, hakikuwa na ladha. Wenzake kituoni walimsifu ati ana utulivu. Utulivu gani? Mama wa watu alikuwa hasikii kitu.

Nyuma ya kichwa cha marehemu palikuwa na jeraha pana, na kulikuwa na jiwe lenye damu kando ya kiti. Daktari alisema mzee alipigwa kabla ya kuingia majini. Saa ya kufa hakuweza kuitaja, kwani maji ya mlimani ni baridi na yanadanganya. Huenda ni jioni, huenda ni alfajiri. Adoyo alipekua mkoba wa marehemu, akakuta sufuria, unga, chumvi na kisu ndani ya ala yake, kikavu na kinang'aa. Akapiga picha jiwe, akapiga picha ndoo na wale samaki waliolala ubavu katika maji safi, ngozi zao laini. Kisha akaendelea na mengine.

Kipkurui alieleza bila kuzunguka. Mzee Joab alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha majani chai, akastaafu Desemba. Kila mwaka alikuja hapa kuvua samaki aina ya ngege, akifuatana na rafiki yake, Bwana Kimeli, meneja wa kiwanda hicho hicho. Safari hii walifika Ijumaa mchana kwa pikapu ya Kimeli. Jioni, giza likiingia, Kimeli aliondoka peke yake, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na harambee ya kanisa kwao Roret. Pale getini alimwambia Kipkurui mzee amejilaza mapema, anataka kuvua alfajiri, asisumbuliwe. Kipkurui hakumsumbua. Aliona taa ya hema inawaka usiku kucha, akajua mzee yuko.

"Halafu alfajiri nikaona mtu anakimbia kuelekea barabara," alisema. "Suruali imelowa mpaka kiunoni. Namjua, afande. Ni Oketch, kijana wa mzee."

Oketch alikamatwa kabla ya saa sita, suruali ikiwa bado mbichi na kofia ya baba yake mfukoni. Hakukimbia wala hakubisha. Aliketi mbele ya Adoyo akitazama meza, na maneno yakamtoka moja moja.

Alisema alikuja kumwona baba yake kabla hajaenda kazini. Akamkuta majini. Akaingia kumvuta, mzee akawa mzito, kofia ikabaki mkononi, na hofu ikamwingia akakimbia.

"Ulikuja kumwambia nini?" Adoyo akauliza.

"Anyamaze."

Basi Adoyo akayasikia yote. Miezi miwili nyuma, mama mmoja aliyeitwa Bochaberi alivutwa na mashine ya kusaga majani pale kiwandani, akafa. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimeondolewa tangu mwaka jana, na mahakama ingeanza kuchunguza kifo hicho Jumanne. Mzee Joab alijua ni nani aliyeamuru kifuniko kiondolewe, na alikuwa ameamua kusema. Oketch bado alikuwa ameajiriwa hapo, na ana watoto. Walikuwa wamegombana mpaka majirani wakatoka nje.

"Nilimwambia akisema, mimi si mtoto wake tena."

"Ni nani aliyetoa hiyo amri?"

"Hakuniambia. Alisema lazima kwanza amwambie mwenyewe, uso kwa uso. Ati ndiyo heshima."

Mkubwa wa kituo akafurahi. Ugomvi upo, suruali iliyolowa ipo, kofia ipo, unataka nini tena? Akaamuru kijana apelekwe kortini Jumatatu.

Jumapili asubuhi akaja Mama Amondi, mjane. Alikuwa na leso kichwani na viatu vya kanisani, na hakuwa analia. Aliketi akaweka mikono mapajani. Alisema mazishi ni Jumamosi, nyumbani Nyakach, na kwao mwana mkubwa ndiye anayemtupia baba yake udongo wa kwanza. Kijana anayesemwa amemwaga damu ya baba yake hawezi kukanyaga boma lile, sembuse kushika udongo.

"Mkimpeleka korti kesho, hata mkimwachilia mwaka ujao, itakuwa imeisha," alisema. "Watu hawatangoja. Nitakuwa nimezika wawili. Sasa niambie, binti yangu, wewe unaamini ni yeye?"

Adoyo alijibu kwamba kazi inaendelea. Alijisikia akisema hivyo kwa sauti ya mashine, akaona aibu, lakini hata aibu yenyewe ilikuwa ya mbali.

Mchana Kimeli alikuja mwenyewe kuandikisha maelezo. Mzee wa heshima, koti la kijivu, macho mekundu. Alisema yeye na Joab walikuwa ndugu kuliko ndugu. Ijumaa walipiga kambi, wakala, wakaongea mambo ya zamani, naye akaondoka akimwacha mzima.

"Alikuwa anavua samaki wengi?" Adoyo aliuliza, basi tu, ili kujaza karatasi.

"Hiyo mambo ya samaki usiniulize. Sisi wazee wetu hawakuwa wanakula. Mimi harufu tu inanishinda, na Joab alijua. Akishika samaki anaenda kuwatengeneza huko nyuma ya jiwe kubwa, mbali na mimi. Kisha mimi ananichemshia mboga za managu kwa sufuria yake." Akapangusa macho. "Lakini si uliona ndoo? Alfajiri alikuwa mzima, anavua. Huyo kijana alimkuta hapo."

Adoyo akaandika. Hata hivyo mtu wa upelelezi hufuata kila mguu wa habari, kwa hiyo jioni hiyo aliendesha gari mpaka Roret kuuliza juu ya ile harambee. Mchungaji na wanakwaya wote walisema jambo moja. Kimeli alilala kwake, na kabla hakujapambazuka alikuwa kanisani akipanga viti. Kama Joab aliuawa alfajiri, Kimeli hayumo.

Alipokuwa akirudi kwenye gari alipita sokoni. Jikoni kwake hakukuwa na kitu tangu Jumatano, naye alizaliwa na watu wa ziwani, hata kama alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Akasimama kwa Mama Nyamusi, anayeuza samaki pembeni ya vibanda vya nguo, akachagua ngege mmoja.

"Nikutengenezee ama utaenda naye hivyo?" Mama Nyamusi akauliza, kisu tayari mkononi.

"Nitengenezee," Adoyo akasema. Kisu kikapara, magamba yakaruka mpaka kwenye mkono wa koti lake. Tumbo likapasuliwa, matumbo yakaingia kwenye karai. Yule samaki akalazwa juu ya gazeti, laini, msafi, tumbo wazi. Adoyo akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa simu, akafungua picha ya ndoo ya bluu.

Samaki wote watatu hawakuwa na gamba hata moja. Matumbo yao yalikuwa yamepasuliwa.

Jamani. Binti wa ziwani, na alikuwa amesimama juu ya ndoo ile akiwatazama kama mawe! Alijilaumu kimoyomoyo, akampigia Kipkurui aende nyuma ya lile jiwe kubwa atazame kama kuna magamba au matumbo mabichi. Kipkurui alienda na tochi, kisha akampigia simu. Hakuna kitu, alisema, majani makavu tu. Na kisu cha marehemu kilikuwa kikavu ndani ya ala. Mvuvi gani anamtengeneza samaki bila kisu, bila kumwaga hata gamba moja, kisha anamrudisha kwenye ndoo ya maji?

"Mama," Adoyo akauliza, "Ijumaa kuna mtu alichukua ngege watatu hapa?"

Mama Nyamusi akacheka. "Bwana Kimeli wa kiwanda. Asubuhi. Nikamuuliza, wewe tangu lini? Akasema ni ya mgeni. Nikawatengeneza, yeye amenipa mgongo, kisha akabeba mfuko hivi, na vidole viwili, uso ameugeuza kando."

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Adoyo alimwomba mkubwa wa kituo amshikilie Oketch mpaka mchana kabla ya kumpeleka kortini. Mkubwa alinung'unika, akakubali. Kimeli aliitwa ziwani, akaambiwa ni kutambua vitu vya marehemu. Alikuja bila wasiwasi. Ukungu ulikuwa juu ya maji, na kiti cha kukunja kilikuwa pale pale. Askari wawili walisimama kwenye njia ya hema. Adoyo alikuwa ameweka samaki mmoja ndani ya ile ndoo ya bluu, ngege mzima kama alivyotoka majini.

"Mzee," alisema, "nisaidie kidogo. Huyu hapa na hawa wa kwenye picha wana tofauti gani?"

Kimeli akainama, mkono puani. Akatazama picha, akatazama ndoo.

"Samaki ni samaki."

"Tazama tena."

"Huyu ni mkubwa."

"Huyu ana magamba. Tumbo lake halijapasuliwa. Hawa watatu walitengenezwa sokoni Roret, Ijumaa asubuhi, na Mama Nyamusi, na aliyewabeba ni wewe. Mtu yeyote wa ziwani angeona hapo hapo. Mimi ni wa huko na nilichelewa siku nzima." Sauti yake haikupanda. "Uliwaweka ili tuseme Joab alivua alfajiri, wakati wewe uko kanisani. Lakini hakuvua kitu. Ulipomwambia mlinzi asimsumbue, alikuwa tayari majini, na taa uliiwasha wewe. Yule ambaye Joab alitaka kumwambia uso kwa uso ni wewe."

Kimeli hakukana. Alitafuta kiti cha Joab kwa mkono, akaketi.

Alieleza kama anayesoma maneno ya mtu mwingine. Mwaka jana majani yalikuwa mengi, magunia yanaozea getini, kifuniko kinachelewesha mashine. Akaamuru kitolewe kwa wiki moja. Wiki ikawa mwezi, kisha watu wakasahau, mpaka siku ya Bochaberi. Alhamisi Joab alimpigia simu akasema ana neno la kumwambia kambini, na Kimeli akalijua neno kabla halijasemwa. Ndiyo maana alinunua samaki. Jioni ya Ijumaa Joab alimsihi aende mwenyewe kusema ukweli kabla ya Jumanne. Ati angekuwa kando yake.

"Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja nistaafu," alisema. "Angenyamaza tu."

"Miaka hiyo yote alikwenda nyuma ya jiwe ili usione matumbo ya samaki, usipoteze hamu ya chakula," Adoyo akasema. "Ndiyo sababu hukujua. Kama adabu yake ingepungua kidogo, ungejua samaki aliyetoka majini alivyo, na labda leo kijana wake angekuwa kortini."

Kimeli akatazama maji.

"Alinipikia managu hata hiyo Ijumaa," akasema. "Nilikula. Nilimaliza sahani."

Oketch alitolewa mahabusu saa saba mchana. Hakushukuru, alikunja kofia ya baba yake akaondoka na mama yake, polepole, kila mmoja kama amebeba maji kichwani. Kesho yake alikwenda kwenye ile mahakama, akasimama mbele ya watu wa Bochaberi, akasema yeye pia aliona mashine haina kifuniko, kila siku aliiona, na alinyamaza. Jioni alikuwa ameshafutwa kazi kiwandani. Hakuna aliyeshangaa, hata yeye.

Jumamosi Adoyo aliendesha gari mpaka Nyakach. Alisimama nyuma na wanawake. Zamu ya mwana mkubwa ilipofika, Oketch alichota udongo, akasimama nao mkononi hadi watu wakaanza kutazamana.

"Baba," alisema mwishowe, "nimesema."

Akautupa.

Baadaye Mama Amondi alimshika Adoyo mkono, akamketisha chini ya turubai, akamwekea sahani yeye mwenyewe. Ugali, na ngege mzima katika mchuzi. Adoyo alinawa, akamega, akachovya. Chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Akaacha kutafuna, kwa maana tangu Februari hakuwa amejua kama chakula kina chumvi au hakina. Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta, akaendelea kula.