Vifungo Kumi na Kimoja

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni, suruali, mapazia na sare. Hakuna kitambaa kilichowahi kunishinda. Lakini kumlisha mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu kulinitoa jasho.

Mtoto mwenyewe tunamwita Bosi. Jina hilo amelipata kwa matendo yake. Anatembea mikono nyuma, tumbo mbele. Akitaka kitu ananyoosha kidole, na watu wazima wanakimbia. Ni mtoto wangu wa kwanza, tena ni mjukuu pekee wa mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye.

Chumba changu cha kushonea kiko mbele ya nyumba. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni mama mmoja anayeuza vitambaa. Ng'ambo ya barabara mume wangu anatengeneza baiskeli. Bosi anazunguka kwetu sote tangu asubuhi, na hakuna anayemkataza.

Kila mchana ilikuwa vita. Nilishika bakuli la wali na maharage, Bosi akashika njia.

"Bosi, fungua mdomo. Kidogo tu, baba."

"Sitaki!"

"Haya, ndege inakuja. Vuuu! Inatua wapi?"

Ndege haikutua. Bosi aliingia chini ya meza ya kukatia. Nilimfuata kwa magoti. Alitokea upande wa pili, nami nikazunguka. Nikifanikiwa kumtia kijiko kimoja, alikihifadhi shavuni robo saa nzima, kisha akakitema kwenye kitambaa cha mteja.

Ningecheka, kama si ile kadi ya kliniki. Mwezi wa tatu mfululizo mizani ilisema kilo kumi na moja. Haikuongezeka hata kidogo. Nesi alimpima Bosi vizuri. Aliuliza kuhusu homa, kuharisha na kikohozi. Alimpa dawa ya minyoo. Hakuona ugonjwa.

"Mwezi ujao tutampima tena," alisema. "Asipoongezeka, nitawaandikia barua mwende hospitali kubwa."

Nilitoka pale nimeinamisha kichwa. Nilijua watu watasema nini. Watasema fundi anashonea watu nguo, mtoto wake hamlishi. Na kweli niliogopa. Nikimwogesha niliziona mbavu zake, na roho iliniuma.

Siku tatu baadaye, yule yule nesi aliingia chumbani kwangu saa tatu asubuhi. Alikuwa na sare yake mkononi. Zipu ilikuwa imekatika.

"Fundi, naingia kazini saa nane mchana. Utaweza?"

"Nusu saa tu," nikamwambia. "Kaa hapo, dada."

Wenye mafundi wao wanajua nusu saa ya fundi cherehani ikoje. Kwanza nilikuwa namalizia gauni la mtu. Halafu nikapinda suruali ya mtu mwingine, aliyesema yuko njiani. Nesi alikaa kwenye kiti karibu na meza ya kukatia. Alikuwa mpole, hakulalamika. Aliangalia tu. Nilimwona akichezea kopo langu la vifungo, nikadhani amechoka kukaa bure.

Saa sita mama mkwe alileta chakula. Nikaanza vita yangu ya kila siku. Bosi alifunga mdomo kana kwamba nimemshonea zipu. Nikabembeleza. Nikaimba. Nikatisha kwamba nitamwita polisi. Mwisho nikamshika kidevu, naye akapiga kelele hadi muuza vitambaa akaja kuchungulia.

"Fundi," nesi akasema. "Mwache kwanza. Njoo uone kitu."

Juu ya meza, mahali Bosi asipofika, alikuwa amepanga vifungo kwenye mstari. Vilikuwa kumi na kimoja.

"Hivi ni nini?" nikauliza.

"Tangu nimekaa hapa, kila kilichoingia mdomoni mwa Bosi nimekiwekea kifungo."

Mume wangu naye alikuwa amevuka barabara kuja kula. Alisimama mlangoni, mikono imejaa grisi. "Vyote hivyo?" akauliza. "Mbona mtoto huyu hali?"

Nesi akagusa kifungo cha kwanza. "Chai ya sukari na mkate. Alimpa bibi yake."

"Nilimpa kikombe kimoja tu," mama mkwe akasema, "asikae na tumbo tupu."

"Ndiyo, mama. Saa tano ukampa kingine." Nesi akaendelea. "Hizi mbili ni biskuti za jirani."

Muuza vitambaa akashika mdomo. "Jamani! Mimi nilimpa moja tu. Ile nyingine alikuja kuichukua mwenyewe!"

"Hii ni keki ya mteja wa gauni. Hizi mbili ni soda ya baba."

"Funda moja tu!" mume wangu akasema.

"Mara mbili. Na hii ni biskuti aliyoiokota chini ya cherehani. Sijui ni ya jana au ya juzi."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Kisha nikaona vifungo vitatu vimebaki.

"Na hivyo ni vya nani?" nikauliza.

"Ni vyako, fundi. Pipi mbili ulimpa aache kukanyaga pedali. Na juisi ya pakiti ulimpa ulipokuwa unampima yule kaka mabega."

Kicheko kilinikauka. Nilihisi uso unawaka moto. Mbele ya jirani, mbele ya mama mkwe, vifungo vingi kuliko vyote vilikuwa vyangu! Nikasema kwa hasira, "Dada, ulikuja kushonewa au ulikuja kunichunguza?"

Nesi hakukasirika. "Nilikuja kwa nusu saa," akasema. "Umeniweka saa tatu. Ulitaka nifanye nini?"

Mume wangu aligeuka akatazama barabarani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Sikulaumu," nesi akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Hapa hakuna mtu mbaya. Kila mmoja anampenda mtoto, na kila mmoja anampa kitu kimoja tu. Lakini tumbo ni moja, tena dogo. Likijaa chai na soda, wali utakaa wapi? Na vile vitu vitamu vinashibisha bila kujenga mwili. Ndiyo maana mtoto anaruka siku nzima, lakini kilo haziongezeki."

"Sasa nifanyeje?" nikauliza.

"Kwanza, chakula chake kiwe na saa. Milo mitatu, asubuhi, mchana na jioni. Katikati apate kitu kidogo saa nne, na kingine saa kumi. Kiwe chakula cha maana, kama ndizi, yai, maziwa au kiazi. Nje ya saa hizo, maji tu. Pipi, soda na juisi za pakiti msimpe kabisa. Na chai si ya mtoto huyu."

"Je, akikataa kula?"

"Hapo ndipo pagumu. Usimkimbize wala usimshike kidevu. Kaeni mle wote pamoja. Mpe sahani yake na kijiko chake, umpakulie kidogo. Ale mwenyewe, hata akimwaga. Kazi yako ni kuweka chakula kizuri kwa wakati. Kula kiasi gani, hiyo ni kazi yake. Asipotaka, subiri kama nusu saa, uondoe sahani bila ugomvi. Akiwa mgonjwa, au akiwa mlegevu, au akikataa hata maji, usingoje kliniki. Mlete siku hiyo hiyo."

Mama mkwe alikuwa amenuna. "Mimi nimelea watoto wanne," akasema. "Wote walikunywa chai. Huyu hapa mlangoni ni mmoja wao. Ana kasoro gani?"

Nesi alimgeukia kwa heshima. "Hana kasoro, mama, na kazi uliyoifanya inaonekana. Ndiyo maana naomba msaada wako. Saa nne ya Bosi uishike wewe. Mtu mwingine yeyote asimpe kitu asubuhi, ila wewe, kwa saa yako."

Mama mkwe akafikiri. "Mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako, mama."

Alimtazama muuza vitambaa, kisha mume wangu, kisha mimi. Niliona ameanza kukipenda cheo hicho.

Nilimaliza zipu saa saba na nusu. Nesi aliondoka mbio.

Siku ya kwanza Bosi alidhani tunatania. Alikwenda kwa muuza vitambaa akanyoosha kidole. Akapewa kikombe cha maji. Alikitazama kile kikombe kama mtu aliyedhulumiwa. Akavushwa barabara kwenda kwa baba yake. Dakika chache baadaye mama mkwe alitoka mbio na kanga begani, akavuka, akarudi na chupa ya soda mkononi.

"Nimemkamata mwanangu," akaniambia. "Ameificha kwenye boksi la spana!"

Siku ya pili ilikuwa ngumu. Saa nne Bosi alikula nusu ndizi kwa bibi yake. Saa sita alisukuma sahani. Nilisubiri kama nilivyoambiwa, kisha nikaiondoa. Alilia. Alinifuata kwenye cherehani, akaning'ang'ania goti. "Mama, pipi. Mama, pipi moja." Machozi yake yaliloanisha sketi yangu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye droo. Pipi zilikuwa bado zimo. Nikasema moyoni, mama gani anamnyima mtoto wake pipi, na mbavu zile? Nikakumbuka vifungo vyangu vitatu. Nikafunga droo, nikampa maji, nikambeba. Tulilia wote wawili. Kisha nikampa vipande vya vitambaa achague rangi, akasahau. Saa kumi alikula kiazi kizima. Jioni ile nilizitupa zile pipi zote.

Siku ya tatu, saa sita kasoro, nilikuwa nampima mteja kiuno. Alikuwa bwana mnene, mtu wa heshima zake. Futi ilikuwa imemzunguka. Nikahisi gauni langu linavutwa.

"Mama."

"Subiri, Bosi. Napima."

"Mama, njaa."

Nikaduwaa. "Umesemaje?"

"Nina njaa. Nataka wali."

Sijui nieleze vipi. Miaka miwili na nusu nimekaa na mtoto huyu, na neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Angelisemea wapi? Hatukumpa hata nafasi ya kuona njaa. Nikaachia futi ikaanguka. Nikakimbilia mlangoni.

"Baba Bosi! Mama! Njooni! Mtoto ana njaa! Mtoto wangu ana njaa!"

Muuza vitambaa akapiga vigelegele. Mume wangu akavuka barabara na gurudumu mkononi, hakukumbuka hata kuliweka chini. Yule mteja alisimama amejishika kiuno, macho yamemtoka.

"Dada," akasema, "mtoto wako ana njaa, na mnashangilia?"

"Samahani, kaka. Ni hadithi ndefu."

Tuliketi mkekani. Bosi alishika kijiko chake kwa ngumi. Nusu ya wali iliingia mdomoni, robo ikaenda sikioni, iliyobaki ikaenda kwenye mkeka. Alipofikisha nusu sahani aliweka kijiko chini. Nikafungua mdomo kusema "bado kidogo". Mama mkwe akanikata jicho. Nikaufunga.

Si kila siku ilikuwa tamu. Kuna siku Bosi alikula vijiko viwili akaondoka. Kuna siku alitaka ndizi tu. Siku moja mgeni alimpa pipi kabla hatujamwahi. Lakini hatukumkimbiza tena, na hatukumtisha kwa polisi.

Siku ya kliniki tulikwenda wote. Mume wangu alifunga kazi. Mama mkwe alivaa kanga mpya. Bosi aliwekwa kwenye mizani ya kuning'inia, akaanza kubembea huku akicheka. Mshale ulicheza, nami nikashindwa kuutazama. Nilimtazama nesi usoni.

"Kumi na moja na nusu," akasema.

"Rudia," mama mkwe akamwambia. "Usikosee, mwanangu."

Nesi akarudia. Ikawa kumi na moja na nusu. Akachukua kadi, akachora mstari. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, mstari ule ulipanda. Nikalia palepale, mbele ya foleni nzima, na wala sikuona aibu.

Tulirudi nyumbani saa saba, jua limeshakuwa kali. Tukapakua wali na maharage. Bosi na sahani yake, bibi na yake, baba na yake. Waliinama wakala. Hakuna aliyekimbia, na hakuna aliyeimba. Nilikaa nikiwa sijui mikono yangu niifanyie nini. Ikabidi nami nijipakulie.

Nikatia tonge mdomoni, likaniunguza ulimi. Nikashtuka. Chakula kilikuwa cha moto! Tangu mtoto huyu aanze kula, mimi nilikuwa nakula makombo yaliyopoa, tena nimesimama. Hata mwezi huu wote nilikuwa nakaa nao nikimhesabia Bosi vijiko, sahani yangu ikipoa.

"Nini?" mume wangu akauliza. "Umejiuma?"

"Hapana," nikasema. "Nakula."

Nikala taratibu mpaka nikamaliza. Kisha nikajiongezea.