Maji ya Merikani

Jioni hiyo nilikuwa naanua nguo kambani, nyuma ya nyumba zetu za Ziwani. Mwaka wa sabini na tisa. Uchaguzi ulikuwa umekaribia, kila ukuta umebandikwa sura ya mtu anayecheka. Kazi yangu ilikuwa kufua. Nilifulia makarani, nilifulia madereva, nilifulia wachinjaji wa soko la Burma ambao aproni zao zilisimama zenyewe kwa damu. Nepi za watoto wa watu, shuka za wagonjwa, zote zilipita mikononi mwangu. Sikuwa mwanamke wa kuziba pua. Kwa hivyo nikiwaambia kwamba siku hiyo nilitapika, wajukuu wangu, mjue si kwa udhaifu.

"Mwaitu," sauti ikaniita nyuma yangu. Hivyo ndivyo sisi Wakamba humwita mama kwa heshima.

Alikuwa Kimeu. Karani wa mawakili mjini, mtu wa suti, na sura yake ilikuwa miongoni mwa zile za ukutani. Alitaka kiti cha kansela, udiwani wa mtaa wetu. Kwapani alikuwa na bunda refu kama mtoto aliyevikwa sanda. Akaliweka juu ya jiwe la kufulia, akalifungua polepole.

Ndani mlikuwa na gobori. Bunduki ndefu ya zamani, ile ya kushindiliwa baruti kwenye mdomo wa mtutu. Lakini hakuniletea gobori. Aliniletea kitambaa kilicholifunga.

"Nataka kiwe cheupe kufika Jumapili," akasema. "Nitapanda nalo jukwaani. Watu waone ukoo wetu haukuanza uongozi jana."

"Hiki ni kitambaa ama ni ngozi?"

Akacheka. "Ni merikani, Mwaitu. Merikani yenyewe, ya kwanza kwanza. Kabla Mwingereza hajaijua njia ya kuja huku, meli za Wamarekani zilikuwa zinatia nanga Unguja. Zinashusha kitambaa hiki, baruti na magobori. Zinapakia pembe za ndovu. Babu wa babu yangu alishuka pwani kutoka Kitui na pembe, akarudi na hili gobori. Akawa mkubwa wa nchi nzima. Mwanawe akawa chifu. Sasa ni zamu yangu."

Nikakigusa. Kilikuwa cheusi, kigumu, kinanata. Pembeni palikuwa na alama ya rangi ya buluu, meli ya milingoti mitatu, imefifia. Na harufu... Samaki aliyeoza ndani ya chumvi. Mafuta ya kondoo yaliyochacha. Na juu yake ile harufu ya kibiriti kinapozimwa.

"Na mama yako anasemaje? Kitu cha ukoo hiki."

"Mama ni mtu wa zamani. Anasema kisiguse maji. Mimi nimebatizwa, Mwaitu. Siamini uchafu."

Akalichukua gobori lake uchi, akaenda.

Nilikiloweka kwenye karai kubwa. Maji yakawa mazito hapo hapo. Nikaingiza mikono, nikasikia kitu kinateleza katikati ya vidole kama utumbo wa kuku. Nywele. Nywele fupi fupi za mtu, zimeshikana na mafuta. Nikachota povu, likaning'inia kama makamasi. Nikageuka, nikatapika kando ya mtaro.

Asenath akacheka kutoka bombani. Huyu alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mluhya, mke wa Patrobas wa kiwanda cha misumari. Hatukuzaliwa pamoja lakini chumvi tuliombana kila siku.

"Mama Ndanu! Unafua nini leo, fisi?"

"Nafua kansela."

"Wooi! Huyo basi umtie na buluu ya kufulia!"

Maji ya kwanza niliyamwaga mtaroni. Ya pili pia. Kwa maji ya tatu nilitia sabuni ya mche nusu nzima, nikasugua mpaka vidole vikachubuka. Na hapo ghafla kitambaa kikalainika. Kikatakata. Cheupe pe! Na yale maji ya tatu yalikuwa safi, wajukuu wangu. Yana povu jeupe tu. Hayanuki kitu.

Sasa mjue maisha yetu ya wakati huo. Bomba lilikauka siku mbili, siku tatu. Hakuna mwanamke wa Ziwani aliyemwaga maji ya sabuni yakiwa bado safi. Unapigia deki nyumba, yanayobaki unampa jirani.

Nikapiga deki chumba changu chote, mpaka uvunguni mwa kitanda. Asenath akaja na ndoo yake. "Yamebaki, dada?" Nikammiminia. Akaenda kupiga deki kwake.

Mume wangu Muasya alikuwa dereva wa lori, wiki hiyo yuko njia ya Mombasa. Nyumbani tulikuwa mimi na Ndanu, miezi minane, ndiyo kwanza anatambaa. Nikamshusha sakafuni, nikawasha jiko nje mlangoni.

Giza likaingia. Sakafu haikukauka.

Nikaifuta kwa tambara kavu. Ikalowa tena.

Nikasikia... chap. Chap. Kama mtu anatembea miguu mitupu juu ya simiti yenye maji. Nikageuka. Hakuna mtu. Lakini kutoka mlangoni palikuwa na nyayo. Vidole vitano, kisigino. Vidole vitano, kisigino. Si za mtu mmoja. Nyingine zilikuwa pana, nyingine nyembamba, nyingine ndogo za kijana. Zilipita kando ya meza, zikasimama zote kumzunguka mtoto wangu.

Ndanu alikuwa amekaa katikati, anajinyonya viganja.

Ile harufu ikarudi. Samaki. Mafuta. Kibiriti.

Nikamnyanyua. Alikuwa baridi kama chupa. Tumbo limekaza. Akakohoa kikohozi cha mtu mzima, cha mvuta tumbaku, halafu akacheua mkononi mwangu.

Si maziwa.

Lilikuwa goroli. La risasi, jeusi, zito, limezungushiwa nywele na ute.

Akacheua la pili.

Nilibaki nimeshika yale madude yenye joto la tumbo la mwanangu. Hapo ndipo mlango ulipogongwa.

Alikuwa bibi kizee mwembamba, amejifunga shuka, miguu imejaa vumbi la safari. Nyuma yake, Kimeu. Yule bibi hakuingia. Alinusa hewa ya kizingitini kama ng'ombe anayenusa damu ya mwenzake.

"Mimi ni Kavutha, mama yake huyu mjinga," akasema kwa Kikamba. "Nimefika kwake jioni hii kutoka Kitui, nikakuta gobori uchi. Maji ya mwisho umeyapeleka wapi?"

"Ya mwisho yalikuwa masafi, Mwaitu. Nimepigia deki."

Akaketi kizingitini.

"Uchafu hutoka kwanza," akasema. "Wao wenyewe hutoka mwisho."

"Wao kina nani?"

Kimeu akakohoa. "Mama, twende. Watu wanatutazama."

"Nyamaza! Pembe gani unawaambia watu? Babu yako hakuwahi kuua hata ndovu mmoja." Akanigeukia, akanong'ona. "Alishuka pwani na vijana kumi na wawili wa kijiji. Aliwaambia wanakwenda kutafuta chumvi. Mwarabu akawachukua, akampa pembe. Pembe akampa Mmarekani, akapewa gobori na kitambaa. Kijana mmoja alibaki, mdogo wake wa tumbo moja, hakununuliwa kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Babu akataka kujua kama gobori linalia. Akalijaribu kwa huyo mdogo wake. Akalipangusa kwa hiyo merikani. Tangu siku hiyo kila mkubwa wa nyumba yetu hulipaka mafuta kwa kitambaa hicho mara moja kwa mwaka, na hakifuliwi. Uchafu ndio uliowafunga humo, waliouzwa na aliyeuawa. Wewe umewafungua, na wanataka mwili."

Ndanu akakohoa. Goroli la tatu likaanguka sakafuni, likabiringika, likasimama bila kugusa kitu. Kama mtu ameliwekea mguu.

"Mwaitu, mtoto wangu anakufa!"

"Wanarudi tu ndani ya mtu wa ukoo wetu, wa kuzaliwa au wa kuolewa," akasema Kavutha. "Mmoja wetu awameze. Kimeu, vua koti. Piga magoti uirambe hii sakafu."

Kimeu akatazama ile sakafu iliyokuwa ikitoa jasho. Akatoa leso, akaziba pua.

"Mama, nina mkutano Jumapili."

"Cheo cha babu yako unakitaka. Matapishi yake huyataki?"

"Siwezi. Mwite mganga, nitalipa."

Mwanangu alikuwa amelegea mkononi, macho yamepinduka meupe, na bwana mkubwa amesimama mlangoni anahofia magoti ya suruali yake. Nimeona nepi na nimeona usaha. Sijawahi kuona kitu kichafu kama leso ile nyeupe puani mwake.

Kavutha akavua shuka yake. Akazifunga nywele zake za mvi kwa kitambaa kichwani.

"Basi ni mimi," akasema. "Lakini sikiliza, mwanangu, na unijibu kweli. Mimi ni mzee, nina tumbo moja. Maji yale yamefika nyumba ngapi? Kama ni moja, nitaimaliza na mtoto atapona. Kama ni zaidi, nitagawanya nguvu, kidogo huku kidogo kule, na Mungu ajue nani atasalimika. Nyumba ngapi?"

Ukuta wa nyumba zetu ulikuwa mwembamba. Upande wa pili Asenath alikuwa anapika, anaimba wimbo wa kanisani. Nilisikia mwiko wake ukigonga sufuria. Nilisikia Patrobas akimwambia, "Leo nyumba inang'aa, mama."

Ndanu hakuwa anapumua tena.

"Moja," nikasema. "Yangu tu."

Akanitazama kidogo. Akapiga magoti.

Alianzia mlangoni. Ulimi wake ulikwaruza simiti kama msasa. Alilamba, akameza. Alilamba, akameza. Kila alipomeza, koo lake lilipanda na kushuka na kitu kinapita, kikubwa kama yai. Mate yake yakawa meusi, yakamtiririka kidevuni, naye akayafuata chini na kuyalamba tena, asiache tone. Alilamba nyayo moja moja. Aliingia uvunguni, nikaona nyayo za miguu yake tu, nikamsikia akicheua na kujizuia, akicheua na kujizuia... Nikamsikia akisema na mtu humo, kwa upole, "Njoo, mwanangu. Njoo nyumbani."

Kimeu alikuwa ameupa mgongo mlango.

Alipotoka uvunguni, tumbo lake lilikuwa limevimba kama la mja mzito, na lilikuwa linatembea. Hapa linainuka, pale linadidimia. Viwiko. Visigino. Sakafu yangu ilikuwa kavu kama unga.

Ndanu akavuta pumzi, akalia.

Nilimbusu yule bibi miguu. Alikuwa amefumba mdomo kwa mkono, anahofia kuufungua. Kimeu akamwongoza kwenda nje. Alimshika kwa ncha ya mkono wa gauni, asimguse ngozi.

Kavutha alizikwa Kitui wiki iliyofuata. Jumapili hiyo kabla ya maziko mwanawe alipanda jukwaani na gobori lake ndani ya kitambaa cheupe kama theluji ya mlimani, akawasimulia watu habari za pembe. Wakapiga makofi. Alishinda.

Na jirani yangu?

Sakafu ya Asenath haikukauka. Alidhani ni mvua, akadhani ni bomba limepasuka chini ya simiti. Siku ya nne Patrobas akaanza kikohozi. Kiwandani wakasema ni kifua cha vumbi la chuma, wakampa barua ya kupumzika. Mimi nilikwenda ofisini kwa Kimeu mara mbili, kumwomba afanye kwa Asenath aliyofanya mama yake kwangu. Mara ya kwanza alikuwa na wageni. Mara ya pili alitoka mpaka ngazini, akaninong'oneza, "Mwaitu, nyumba yako si ilipona? Basi." Akapangusa mikono, ingawa hatukuwa tumesalimiana.

Jioni moja Asenath akaja kwangu na mkebe. Akautikisa, vikabiringika ndani.

"Dada, tazama vitu anavyotoa Patrobas. Daktari anasema nimeviokota barabarani, nimechanganyikiwa. Wewe umewahi kuona kitu kama hiki?"

Nikachungulia. Saba. Kila kimoja na nywele zake.

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema. Ndanu alikuwa mgongoni, mzito, mwenye joto, ananivuta hereni. Nikafikiri, nikimwambia, atauliza kwa nini sikusema siku ile. Atauliza bibi aliniuliza nini, nami nilijibu nini.

"Sijaona," nikasema. "Labda ni mawe ya nyongo. Mwombee."

"Tuombe pamoja, basi."

Tukaenda kwake, tukapiga magoti juu ya ile simiti. Magoti yangu yakalowa. Nilifumba macho, na katikati ya sala nikasikia chap, chap, wakija kusimama kutuzunguka. Asenath hakusikia. Alikuwa anamshukuru Mungu kwa kumpa jirani mwema.

Patrobas alikufa mwezi wa pili wa kikohozi chake. Asenath hakuhama, na hakuolewa tena. Ni bibi kizee sasa kama mimi, na nyumba yake ina unyevu mpaka leo. Kila Jumapili baada ya kanisa hunipikia chai, hunikalisha kitini, na mimi hunyanyua miguu nisikanyage chini, nikimwambia ni baridi yabisi. Chai yake ina ladha ya samaki. Naimeza yote.

"Ongeza, dada?" huniuliza.

Nami humpa kikombe.