Mstari wa Tope Ndani ya Taa

Kila asubuhi Levina alifagia uwanja, akanawa miguu bombani, kisha akapanda baiskeli ya marehemu baba yake kwenda shule. Baiskeli ile ilikuwa na kengele isiyolia na mnyororo uliolia kwa niaba yake. Rafiki yake Sikudhani, binti wa mwenye duka la vitenge pale Ifakara mjini, aliisikia tangu mbali na kuwatangazia wenzake kuwa mashine ya kukoboa mpunga inakuja. Darasa zima la sita likacheka. Levina naye alicheka, maana angefanya nini?

Ndiyo sababu kaka yake Adolf aliposema mwaka huu watapata pikipiki, Levina alifurahi kuliko Adolf mwenyewe.

Mpunga wa shamba lao la Katindiuka ulikuwa umekubali. Mama yao, Kandida, aliamua magunia ya ziada yabadilishwe kwa pikipiki ili Adolf aache vibarua na kubeba abiria. Kichwani mwa Mama kulikuwa na pikipiki ndogo ya kawaida, mpya, ile inayotoka dukani na nailoni kwenye siti. Kichwani mwa Adolf kulikuwa na nyingine. Kwa magunia yaleyale, mfanyabiashara mmoja aitwaye Teofili alikuwa tayari kumpa pikipiki kubwa ya spoti, nyekundu, iliyoinama mbele kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Umri wake ulizidi wa Levina. Adolf alisema chuma cha zamani ndicho chuma; hizi za siku hizi ni bati lililopakwa rangi.

Mama alikuwa kijijini Mofu kwa bibi, wakimalizia kupura. Akasema hawezi kukubali kitu asichokiona, apigiwe picha na atumiwe kwenye simu. Basi Adolf akampa Levina simu, wakaenda kwa Teofili.

Pikipiki ilikuwa imesuguliwa ikang'aa. Levina alichuchumaa mbele yake apige picha ya taa. Hapo ndipo alipouona. Ndani ya kioo cha taa, nusu ya kimo chake, kulikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula.

Levina alikuwa ameishi Mofu kwa bibi mpaka darasa la nne, na mstari ule aliujua. Mto Kilombero ukifurika na kurudi kwake, huacha mstari kama huo kwenye kila ukuta, kuonyesha maji yalifika wapi. Pikipiki hii ilikuwa imezama. Teofili aliweza kusugua nje, lakini ndani ya taa kitambaa hakikufika.

Alifungua mdomo. Kisha akajiona Jumatatu akishuka kwenye chuma kile chekundu mbele ya Sikudhani, na mdomo ukajifunga. Akasogea pembeni, akapiga picha kwa ubavu. Taa haikuonekana hata kidogo.

Baada ya muda simu ikaita.

"Levina, wewe una macho," Mama akasema. "Mimi hizo picha zinanipendeza tu. Umeona kasoro yoyote?"

"Hapana, Mama. Iko safi."

Jioni ile magunia yakahama, na pikipiki ikalala kwao.

Jumatatu Levina alishuka mbele ya lango la shule kwa mlio uliowafanya hata walimu watoke ofisini. Sikudhani alitazama muda mrefu, kisha akauliza kama kaka yake ameuza wali ili anunue kelele. Watu walicheka, lakini safari hii kicheko kilikuwa na wivu ndani yake. Raha ile ilidumu mpaka saa nne. Baada ya hapo Levina akaanza kuogopa.

Jumanne taa ya mbele iliwaka yenyewe mchana, ikazimika, ikawaka tena, kama mtu anayekonyeza. Jumatano injini ilipopata moto, ikatoa harufu. Adolf alisema ni oili. Levina alijua si oili. Ilikuwa harufu ya nyumba za Mofu siku maji yanapoondoka, tope lililooza pamoja na nyasi, na sasa ilikuwa ikitoka chini ya mapaja yake.

Alhamisi wakitoka mjini, Adolf alikimbiza kwa fujo, akifunga breki kila baada ya hatua chache ili watu wageuke. Karibu na gulio mama mmoja alivuka na beseni la samaki kichwani. Adolf akavuta breki ya mbele, na mkono wa breki ukaenda mpaka mwisho bila kukamata kitu. Akakanyaga ya nyuma, pikipiki ikateleza upande, ikapita sentimita chache kutoka kwenye kanga ya yule mama. Samaki watatu walianguka. Mama wa watu alimtukana Adolf kwa Kipogoro, taratibu, bila kuruka neno.

Walisimama pembeni. Adolf akajaribu breki tena. Ilikuwa ngumu, nzima kabisa.

"Inajipanga tu," akasema. "Usimwambie Mama."

Levina akaitikia kwa kichwa. Sasa alikuwa na siri mbili, na usingizi ukamkimbia.

Mama alirudi Ijumaa. Jumapili asubuhi alivaa kitenge kipya. Mtoto wa dada yake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza katika kijiji cha Kisawasawa. Adolf angempeleka kwa pikipiki kwa ile barabara ndefu ya lami yenye malori. Mama akakaa nyuma, jogoo wa zawadi kwapani, akacheka kwamba leo anakuwa kijana. Adolf akawasha. Harufu ya tope ikajaa uwanjani.

Levina akaenda kusimama mbele ya gurudumu.

"Toka, dogo, tunachelewa," Adolf akasema.

"Mama, shuka." Levina akashika usukani. "Pikipiki hii ilizama. Niliona mstari wa maji ndani ya taa, nikapiga picha kwa upande usiuone. Na Alhamisi breki ilikataa."

Mama akashuka, akainama mbele ya taa, akaufuata ule mstari kwa kidole. Adolf alianza kumwita Levina mchawi wa maendeleo, lakini Mama alimtazama mara moja tu, Adolf akazima injini.

Wakaisukuma mpaka kwa fundi Bwanaheri, nyumba ya tatu. Fundi akafungua kikopo cha oili ya breki. Badala ya oili angavu kulikuwa na kitu chenye rangi ya chai ya maziwa.

"Maji haya," akasema. "Ukizunguka mtaani polepole inakamata. Ukikimbia na kufunga breki sana, yanachemka humu, na ukivuta unavuta mvuke. Mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Kisawasawa," Mama akasema.

Bwanaheri akakifunga kikopo, akafuta mikono yake yenye grisi. Adolf akaketi chini, palepale kwenye mchanga.

Wiki ile wakaenda na fundi kwa mwenyekiti wa mtaa. Teofili alikana, kisha akaonyeshwa ile taa, akakiri kuwa chuma kile kilitolewa mtoni. Akarudisha magunia, isipokuwa manne aliyokwisha kuyakoboa, ambayo aliahidi kuyalipa mavuno yajayo. Yaliyorudi yalitosha pikipiki ndogo, nyeusi, iliyotumika kidogo, isiyogeuza shingo ya mtu. Adolf alikubali kuiendesha taratibu, na aliomba msamaha kwa mama yake, kisha, kwa tabu zaidi, kwa mdogo wake.

Levina alingoja fimbo. Haikuja. Mama alimkalisha jikoni, akampa mchele achague mawe, naye akachagua upande wa pili wa ungo.

"Teofili ni mgeni kwangu," Mama akasema. "Akinidanganya, nilikuwa nimejiandaa. Wewe nilikuuliza kwa sababu kwako sikuhitaji kujiandaa. Unaelewa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ukweli umeusema kwa kuchelewa, lakini umeusema nikiwa bado nina miguu ya kushukia. Safari nyingine, ukiona jambo baya, liseme siku hiyohiyo, hata kama linakunyima unachokitaka. Ukinyamaza kwa ajili ya raha yako, gharama yake atailipa mwenzio, tena bila kujua."

Levina akaokota jiwe dogo jeupe, lenye ukubwa uleule wa punje, akamwonyesha mama yake kabla ya kulitupa.