Wa Tatu Hajulikani

"Wanaume wote, simameni! Mikono kichwani!"

Jamani... ndivyo nilivyoamshwa pale stesheni ya Kaliua, alfajiri, mwaka 1974. Mume wangu Shomari bado ana shuka begani, mgambo anamburuta kama mbuzi wa mnadani!

"Kafanya nini?" nikapiga ukelele.

"Ghala la tumbaku la kijiji limechomwa usiku. Wageni wote wanaume, ndani!"

Niiteni Bi Kuluthumu. Najua mtasema bibi anatupiga kamba, lakini someni mpaka mwisho.

Shomari alikuwa fundi cherehani Tabora mjini. Tulikuwa tunakwenda Mpanda kumwona mama yangu mgonjwa. Treni ikachelewa, tukalala stesheni, wengi tu.

Pembeni yetu alilala bwana mmoja, Yoramu, kapera, anazunguka kutafuta kibarua. Alinipa mkeka wake, yeye akajilaza juu ya gunia. Kifua kilimbana, akakohoa usiku kucha. Nilimlaani kimoyomoyo kwa kuninyima usingizi...

Kwa hiyo najua hakwenda popote!

Wote wakafungiwa kwenye banda la mizigo. Bati juu, dirisha hakuna.

Wachomaji wawili walikuwa wameshakamatwa, wenyeji wa hapohapo, wenye hasira ya kuhamishiwa kijijini kwa nguvu. Lakini mlinzi wa ghala aliapa aliona watu watatu. Wa tatu alitokomea gizani.

Siku ya pili ikaja amri kutoka juu. Mkubwa wa mgambo pale, Ndugu Justus, akatusomea sisi wake wa waliofungiwa:

"Aachiwe kila ambaye hayumo miongoni mwa wachomaji."

Tukapiga vigelegele! Nikamkimbilia.

"Ndugu, mume wangu hayumo. Mwachie!"

"Wachomaji ni wangapi, dada?"

"Watatu, mnasema."

"Wa kwanza si mumeo. Wa pili si mumeo. Wa tatu ni nani?"

"Mimi nitamjuaje?"

"Hata mimi simjui. Sasa nitaapaje kwamba si mumeo?"

"Lakini alilala ubavuni pangu!"

"Wewe ni mkewe. Utasema nini kingine?"

Nikasogea kando.

Akaja mama mwingine, jibu lilelile. Akaja wa tatu, lilelile. Hakutoka hata mmoja! Na Justus hakuwa mkorofi, wallahi. Alikuwa anatutazama kwa huruma kabisa. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mkorofi utamtukana. Huyu utamfanya nini?

Binti yangu Swaumu anafanya kazi na databesi. Nilipomsimulia alishika mdomo.

"Mama, hiyo inatutesa mpaka leo! Unaandika SQL, lugha ya kuiuliza databesi, unataka watu wasiomo kwenye orodha fulani, unaweka NOT IN, yaani 'hayumo'. Kumbe ndani ya orodha kuna NULL moja, yaani kitu kisichojulikana. Kompyuta haikupi hata mtu mmoja! Haisemi kwamba wamo. Inashindwa kuthibitisha kwamba hawamo."

Nikamwambia, mwanangu, kwenu yanakwama majina. Kwetu walikwama watu.

Tukawa tunapika uji nje ya banda, tunaupitisha chini ya mlango. Joto lile! Mzee mmoja aitwaye Masika akaanza kuharisha. Tukalia, tukaomba dawa, tukajibiwa amri haijabadilika. Nilichoka mpaka kuomba dua nikawa naomba kwa kunyamaza.

Siku moja asubuhi mlango ukagongwa kwa ndani.

"Niiteni Ndugu Justus," sauti ikasema. "Wa tatu ni mimi."

Yoramu!

Muda uleule wengine wote wakafunguliwa. Sasa wa tatu ana jina, kwa kila mtu mwingine ni rahisi kusema si yeye. Shomari akaniangukia kifuani, analia. Mimi nikapiga kelele:

"Huyo hakuchoma! Alikohoa usiku kucha, nilimsikia!"

"Dada," Justus akasema taratibu, "umepewa mumeo. Nenda nyumbani."

Kwenye kesi wale wawili waliapa walikuwa wawili tu, wa tatu hakuwahi kuwepo. Labda mlinzi aliona kivuli. Nilisimama nikatoa ushahidi wangu. Nikaulizwa, mwenyewe amekiri, wewe nani umkanushie?

Akafungwa miaka kadhaa.

Alipotoka alikuja kwetu Tabora, mwembamba, kifua kimeharibika. Nikamkalisha, nikampa chakula, nikamuuliza lililonikaa rohoni:

"Kaka Yoramu, kwa nini ulisema ni wewe?"

Akaacha kutafuna.

"Shemeji, wenzangu mle bandani walikuwa wamekubaliana kunitaja. Waliona mimi sina mke wala ndugu wa kunililia. Walidhani nimelala. Nikaona nikitajwa nitafungwa tu, na wao watarudi kwa watoto wao na dhambi ya uongo. Bora niseme mwenyewe."

Walikuwa wamekubaliana...!

Nikamgeukia Shomari. Cherehani imesimama, mguu uko juu ya pedali.

"Na wewe ulikubali?"

"Sikusema kitu, Kulu."

"Ulikataa?"

"Sikusema kitu."

Yoramu akatazama sahani yake. "Msimlaumu," akasema. "Kulikuwa na joto sana mle."

Wanangu, msipojua jambo, kubalini kwamba hamjui. Msilizibe pengo kwa jina la asiye na mtu wa kumtetea. Na ukiwepo pale linapozibwa, fungua mdomo.

Niliishi na Shomari mpaka Mungu alipomchukua, na nilimpenda. Ila tangu mchana ule, kila aliponyamaza nilikuwa nasikia kikohozi.