Kibali Nilichokikalia Miaka Arobaini

— Isome kwa sauti.

Fundi alinisukumia simu kifuani. Alikuwa kakaa kwenye stuli ya chumba changu cha kufungia vidonda, blauzi imeshuka bega moja, damu mbichi inamtoka kama kachomwa leo. Kisu cha mume wake wa zamani hicho. Miaka mia tatu. Kwetu ndivyo tulivyo: hatuzeeki, hatufi, na kidonda hakiponi. Ukitaka kupona unavuka geti, unakwenda upande ambao watu wanazeeka. Ukivuka hurudi.

Nikasoma meseji ya karani wa geti: "Dada, kibali chako kilitoka miaka arobaini iliyopita. Kilipokelewa na mfunga vidonda wako."

— Bandeji, kiko wapi?

Bandeji ndiyo mimi. Vibali vyote hupitia kwetu wafunga vidonda kwanza, tuthibitishe kidonda.

— Kabatini. Chini ya pamba.

— Miaka arobaini, kila asubuhi unaniuliza "inauma, mpenzi?" Kumbe dawa umeikalia.

— Ungevuka ungezeeka. Ungekufa.

— Ningepona kwanza.

— Nilikupenda, Fundi.

— Hata yule wa kisu alinipenda. Afadhali yeye, alichoma mara moja.

Nikaropoka tu:

— Basi naomba kibali na mimi. Tuishi wote huko.

— Foleni miaka mia na ishirini. Wewe ukifika mimi udongo. Na unaijua hiyo foleni, wewe ndiye uliyenijazia fomu.

Nikamwomba angalau nimfunge kwa ajili ya safari. Akakubali, maana mkono wake haufiki kule nyuma ya bega. Hakunitazama hata kidogo. Nilipofika kwenye fundo akasema taratibu:

— Usikaze. Huko siku zitakifunga zenyewe.

Akachukua kibali chake, akabeba cherehani yake kwa mkono mzima, akaenda zake. Sikumsindikiza. Uso wa kumsindikizia ningeutoa wapi?

Mwezi ukapita, simu ikaita.

— We Bandeji. Kinawasha.

Anacheka huku analia. Mimi miaka mia mbili kwenye kazi hii, sijawahi kusikia kidonda kinawasha.

— Usikikune, nikamwambia. Utakitonesha.

— Na nimeota mvi. Jirani anasema ning'oe, nimemwambia aniache nayo.

— Fundi, umenisamehe?

Nikasikia cherehani inakimbia kidogo, ikasimama.

— Bado. Ila jana nimeshinda kutwa nzima sijakukumbuka, mpaka jioni. Nadhani ndiyo kupona kwenyewe kunaanza hivyo.

— Nakuombea upone, nikasema. Nilikuwa nadanganya, na nadhani alijua.

— Haya. Nina nguo ya mtu hapa, anaisubiri.

Akakata. Hajapiga tena, mwaka wa kumi na moja huu. Wenzangu wananiambia jikaze, mwanamume, yatapita. Yapitie wapi, katika nchi hii? Kwangu mimi Fundi kaondoka leo asubuhi.