Vifaranga wa Róise

Traonach halii mwezi wa Novemba. Kila mtu kisiwani analijua hilo, hata watoto wa chekechea. Ni ndege wa nyasi ndefu. Humwoni, unamsikia tu, krek-krek, krek-krek, kama mtu anayekwaruza meno ya chanuo kwa ukucha, na ikifika Septemba ameshaondoka kwenda zake Afrika kuota jua. Kwa hiyo Manus aliposikia krek-krek nyuma ya kabati la vyombo, asubuhi ya Novemba, mvua ikipiga madirisha na uji wa shayiri ukichemka, alijiambia ni panya.

"Si panya," alisema Sorcha, binti yake wa miaka minane, bila kuinua macho kwenye bakuli. "Ni mama."

Manus alimwambia ale uji wake.

Róise, mama wa mtoto huyo, alikuwa amekufa mwezi wa Mei. Ndiye aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba, akinywa chai katika kila jiko mpaka tumbo likamjaa, kuwabembeleza watu wawaachie ndege hao nafasi. Kila shamba libaki na kona ya majani yanayowasha isiyofyekwa. Nyasi za ng'ombe zisikatwe kabla ya Agosti. Na trekta ianzie katikati ya shamba ikielekea ukingoni, ili vifaranga wawe na pa kukimbilia. Ukianzia ukingoni, ndege wanarudi nyuma, wanarudi nyuma, maana hawathubutu kuvuka mahali peupe, na mwishowe unabaki na kitita kimoja cha nyasi katikati na wote wamo ndani. Serikali haikuwa na habari wala haja. Walikuwa wao wenyewe, watu wa kisiwa, na walimcheka sana kabla hawajamkubalia.

"We Róise, na mimi nikilala nyasini utaniwekea ulinzi?" alikuwa akimtania Dinny, jirani yao.

"Wewe nitaanzia ukingoni," Róise alimjibu, na jiko zima likacheka.

Ugonjwa ulipomlaza, walikisogeza kitanda chake dirishani. Siku zake za mwisho traonach alilia shambani mwao wenyewe, wa kwanza tangu Manus akiwa mtoto mdogo. Róise alilia kwa furaha mpaka mto ukalowa. "Vifaranga wakianguliwa uniambie," alisema. Manus alimshika mkono akasema atamwambia.

Mwezi wa Julai Manus aliwasha trekta, akaanzia ukingoni.

Watu walidhani aliogopa mvua. Si kweli. Ndege yule alikuwa akilia chini ya dirisha lilelile, na Manus hakuweza kuvumilia kwamba ndege ametoka mwisho wa dunia akarudi, ilhali mkewe, aliyelala makaburini pale juu ya kanisa, harudi. Alizunguka na trekta yake, akazunguka, shamba likizidi kuwa dogo, na alijua kilichomo katikati, na hakusimama. Baadaye alishuka akatazama. Sitaeleza alichokiona. Watu wa ile kamati ya ndege aliyoiacha Róise walipouliza, aliwaambia ndege amehama.

Sauti ile ikatulia ndani ya nyumba kama mwenye nyumba. Leo iko nyuma ya kabati, kesho chini ya ngazi. Ikaja na harufu: nyasi mbichi zilizokatwa sasa hivi, harufu ya Julai, katikati ya moshi wa mboji kavu wanayochoma badala ya kuni na makoti yaliyolowa. Padri alikuja na boti, akanyunyiza maji ya baraka kila pembe, nyumba ikanyamaza kimya. Boti ilipoondoka gatini, ikaanza tena.

Na Sorcha akaanza kuijibu. Krek-krek, alisema mezani, kwa sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu. Aliacha kitanda chake akawa analala chini ya meza, juu ya nyasi kavu alizozibeba mwenyewe kwa mikono kutoka zizini.

"Manus, ndugu yangu," alinong'ona Dinny siku moja, kofia kaifinyanga mikononi. "Mimi siamini mambo haya, unanijua. Lakini ile kona ya majani ina wenyewe. Labda umewakanyaga. Mpeleke mtoto kwa shangazi yake, ng'ambo."

"Nimejaribu. Tukifika gatini anapiga kelele mpaka damu inamtoka puani."

"Basi mwite Gobnait, yule bibi anayefukuza mapepo."

"Sitaki vichekesho nyumbani kwangu."

"Nani anacheka, bwana?" alisema Dinny.

Siku chache kabla ya Krismasi, saa kumi alasiri, giza la huko likiwa limeshaingia, Manus alirudi kutoka kulisha ng'ombe akakuta mlango wazi na chini ya meza hakuna mtu, akatoka na tochi akimwita Sorcha, Sorcha, na hakuna kilichomjibu ila upepo, na halafu, kutoka kwenye ile kona ya shamba ambako majani yanayowasha yalikuwa yamekauka yakabaki vijiti vitupu, krek-krek, moja nzito na moja nyembamba, zikipokezana, akakimbia akianguka na kuinuka juu ya barafu mpaka mwanga wa tochi ukamwangukia binti yake, amechuchumaa peku na gauni la kulalia, magoti kifuani, na nyasi zote zinazomzunguka zimelala chini, zimebonyea pande zote kama kwamba kitu kikubwa kimemkalia, na Manus alipoingiza mkono kumnyanyua aliukuta udongo ule una joto, joto la kitanda mtu akishatoka sasa hivi, na hewa yote inanukia nywele za mkewe.

"Mama kanifunika," alisema Sorcha, meno yakigongana. "Kasema nisitoke mpaka wenzangu waje."

"Wenzako nani?"

"Wale wengine, baba. Anawatafuta."

Usiku homa ikapanda, kifua kikaanza kukoroma. Bahari ilikuwa imechafuka, daktari hakuweza kuvuka. Manus akamwita Gobnait.

Alikuja kikongwe yule na sigara yake na mfuko wake wa chumvi, akimlaumu kila aliyekutana naye kwa kuchelewa kumwita. Alimshika Sorcha kifuani, akasikiliza krek-krek iliyokuwa ikilia uvunguni mwa kitanda. Kisha aliurudisha mfuko wa chumvi mfukoni bila kuufungua.

"Huyu si jini," alisema taratibu. "Jini ningemtukana akaondoka. Huyu ni mama anayetafuta watoto wake, na asipowapata anamshika huyu aliyepo. Nani kamwambia wapo?"

Manus alilivuta blanketi akamfunika mtoto mabega.

"Nimekuuliza, mwanangu. Nani?"

"Mimi. Nilikwenda kaburini, Oktoba. Nilikuwa nimemuahidi. Nikamwambia wameanguliwa wote, wako salama. Ningemwambia nini, bibi Gobnait? Ningemwambia nini?"

"Basi kaja kuwaona," alisema Gobnait. "Usiku huu mtoto wako anakufa kwa maneno hayo. Mwambie kweli."

"Akisikia ataondoka."

"Ataondoka."

Manus alipiga magoti kando ya kitanda. Tangu Mei hakuwa na kitu cha mkewe isipokuwa sauti hiyo mbaya, na sasa ndipo alipojua kwamba aliipenda, kwamba kila asubuhi alikuwa akiamka na kuitega sikio kabla hajafungua macho. Alisema, "Róise." Krek-krek ikakatika. Alisema hakuna vifaranga, nilikata nyasi mwezi wa Julai, nilianzia ukingoni, nilijua, Róise, nilikuwa najua, na mama yao alikaa juu yao hakukimbia, niliwazika pembeni ya ukuta, usiwatafute tena mpenzi wangu, hawapo, hayupo hata mmoja, na huyu ni Sorcha, ni wetu, mwache.

Kisha kitu kikaanza kutembea chumbani, haraka haraka, kutoka pembe hadi pembe, kikipekua mapazia, kikipekua mablanketi, kikigusa miguu ya Manus kwa baridi na kupita, na Manus akafumbua mdomo ili ayarudishe maneno yake, aseme hapana, nimekosea, wapo, na Gobnait akamziba mdomo kwa kiganja chake kigumu akamshikilia hivyo mpaka mlango wa mbele ukafunguka wenyewe na harufu ile ya nyasi ikatoka yote.

Alfajiri homa ilishuka. Sorcha aliomba maji, akanywa, akatazama uvunguni, akatazama nyuma ya pazia. Kisha alimgeukia baba yake.

"Ungemwambia bado hawajaanguliwa," alisema. "Angesubiri."